Kunde za Lugwisha na Mlango wa Miiba

Hapo zamani, zamani ya watu waliowajua ng'ombe wao kwa majina, palikuwa na kijiji kiitwacho Mwandago. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina zimwi wala sungura, na mwisho wake sinao mimi. Mwisho mnao ninyi, kwa hiyo anayesinzia asogee mbele nimwone.

Mwandago ilikuwa nchi ya mvua fupi. Mvua ilikuja, ikalowesha, ikaaga. Baada ya hapo kiangazi, na kiangazi cha huko hakikuwa na haya. Kilikausha visima, kikapasua udongo, kikayageuza majani yakawa meupe. Ng'ombe aliyala majani hayo meupe, akashiba, na bado akakonda. Tumbo limejaa, mbavu zinaonekana.

Watu wa Mwandago hawakuwa wajinga. Kila masika walitenga sehemu ya malisho, wakaizungushia matawi ya miiba, na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kukanyaga humo mpaka kiangazi kikaze kabisa. Sehemu hiyo waliiita ngitili. Mlangoni waliweka tawi moja kubwa la miiba. Siku ya kufungua tawi hilo lilivutwa, na sheria ilikuwa hii: aliyeifanya ngitili izae ndiye anayevuta tawi, na wanyama wake ndio wanaoingia kwanza. Wakishamaliza hao, wengine wanafuata. Mwaka mzuri, kuingia kwanza ni heshima tu. Mwaka mbaya ni uhai.

Mmeshika hilo? Haya, twende.

Palikuwa na kijana, jina lake Lugwisha. Siku moja maksai wa baba yake alipotea. Lugwisha akafuata kwato. Akafuata, akafuata, akavuka mto mkavu, akavuka mbuga, na maksai hakumwona. Badala yake akafika katika nchi kavu kuliko kwao. Majani hakuna. Ardhi tupu kama ua uliofagiliwa. Na juu ya ardhi hiyo tupu, ng'ombe wanono.

Akasimama, akatazama. Ng'ombe wale walikuwa wakilamba vumbi.

"Jamani, hawa wanakula nini?" akauliza.

Mchungaji mmoja akachota vumbi, akalipeperusha kiganjani. Vikabaki viganda vidogo vilivyojikunja, na ndani yake mbegu.

"Kunde za porini," akasema. "Mvua ya kwanza ikigusa ardhi, zinaota. Haziendi juu, zinatambaa. Maji kidogo tu yanazitosha. Zinatoa maua upesi, zinaangusha maganda, zinakufa kabla udongo haujapasuka. Kisha kiangazi chote ng'ombe wetu wanakula urithi wa marehemu."

"Mnazipanda lini?"

"Nani apande? Zinajipanda zenyewe."

Lugwisha akaomba mbegu. Wakamwambia mgeni hapewi, mgeni huchunga. Basi akachunga. Akachunga masika, akachunga kiangazi, akachunga mpaka mvua nyingine ikaanza kunukia. Ndipo wakamwita, wakamwekea mbele ujira wa aina mbili achague mmoja. Huku mtamba mweusi, mgongo mpana, macho mazuri. Huku kibuyu cha mbegu. Lugwisha alimpenda yule mtamba. Alimshika shingo, akamsugua masikio, akasimama naye kitambo. Halafu akachukua kibuyu.

Alipofika nyumbani, baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Kaka yake mkubwa alikuwa amechukua mashamba. Yeye alikuwa ameachiwa ng'ombe wachache waliokonda, na mama wa kumtunza.

"Umerudi na nini, mwanangu?" mama akamuuliza.

Akamwonyesha kibuyu. Mama yake akaanza kulia upya.

Sasa Lugwisha ana mbegu, shamba hana. Akamwendea Kashinje. Huyu Kashinje alikuwa mlinzi wa ngitili ya kijiji, mzee wa maneno machache na ubishi mwingi. Kashinje akamsikiliza, akaguna, akampeleka kwenye mteremko mmoja ndani ya ngitili. Mteremko huo ulikuwa umechoka. Hata majani meupe yalikuwa yameukimbia.

"Panda hapa," akasema. "Nakuahidi upande huu hautaguswa na jembe wala kwato mpaka masika ya mwakani. Zikiota, zisipoota, hilo lako. Langu ni kufunga."

"Asante, baba."

"Usinishukuru. Mimi sidhani kama zitaota."

Lugwisha akalima kama watu wanavyolima mtama, akafukia mbegu zake zote. Mvua ikanyesha. Mtama wa watu ukaota. Kunde za Lugwisha je? Shina moja hapa, shina jingine kule, na katikati yake udongo unakutazama. Watu wakaja kuangalia, wakarudi wakicheka. Ikawa msemo wa kijiji. Bwana harusi akichelewa, wanasema hizo ni kunde za Lugwisha. Mdeni akiahidi kesho, kunde za Lugwisha. Wingu likipita bila kunyesha, wanalipungia mkono: kunde za Lugwisha!

Kicheko kikamshinda. Akaja mlangoni pa ngitili, akatema mate chini, akasema mbele ya watu, "Nimedanganywa. Limeni, pandeni mtama, mimi simo." Akaenda zake kukaa kwa wajomba. Maneno hayo aliyasema mwenyewe kwa kinywa chake, na watu wana masikio.

Kesho yake watu wakaja na majembe.

"Baba Kashinje, tupishe. Mwenye mbegu amekwisha sema tulime."

"Yeye amesema. Mimi sijasema."

"Unalinda nini sasa? Vumbi?"

"Nalinda vumbi."

Wakaondoka wakitukana kwa sauti ya chini. Kiangazi kikaja. Kiangazi kikakaza. Pande nyingine za ngitili zikafunguliwa, zikaliwa, zikaisha. Ule mteremko, uliokuwa na uzio na mlango wake peke yake, ukabaki umefungwa, na yale mashina machache ya kunde yalikuwa yameangusha maganda na kufa. Watu wakaja tena, safari hii bila majembe, na mifugo inayumba nyuma yao.

"Fungua, baba. Hata siku moja tu."

"Niliahidi mpaka masika."

Kashinje alikuwa na dume lake, jekundu, alilolilea tangu likiwa ndama la kunyonyeshwa kwa kibuyu. Dume lile likasikia harufu ya maganda. Likaja likasimama nje ya uzio, likapenyeza pua kati ya miiba. Likasimama hivyo mpaka miguu ikakataa. Watu walimwona Kashinje akiweka mkono kwenye tawi la mlangoni. Walimwona akiutoa. Dume likafia pale pale. Kashinje akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, na mlango haukufunguliwa.

Mtaniuliza, je, aliziamini zile kunde? Hata kidogo. Alilinda kwa sababu alisema atalinda. Mimi mtu wa namna hiyo namheshimu, lakini sitaki awe jirani yangu.

Sasa yupo Holo. Kwao mwanamke mzima anaitwa mayu, yaani mama, basi tumwite Mayu Holo. Alikuwa mjane mwenye kundi la mbuzi. Binti yake alifariki siku ya kujifungua, akamwachia mjukuu mchanga, na mjukuu huyo aliishi kwa maziwa ya mbuzi. Maziwa mengine hapakuwa na wa kumpa. Kiangazi kile chuchu za mbuzi zikaanza kukauka. Siku moja akakamua, akakamua, akapata matone yasiyofunika sehemu ya chini ya kata. Mtoto akalia mpaka sauti ikaisha, akaendelea kulia bila sauti.

Mayu Holo akajifunga nguo kiunoni. Mchana kweupe, Kashinje akiwa amekwenda kisimani, akaswaga mbuzi wake mpaka kwenye mlango ule, akalivuta lile tawi. Mbuzi wakaingia. Mnawajua mbuzi. Walikula maganda, wakalamba yaliyoanguka, wakafukua yaliyofukiwa na upepo, hawakuacha ganda hata moja. Baada ya siku chache chuchu zikajaa, mtoto akanyonya kibuyu chake, akalala.

Lakini nyayo za mbuzi hazifichiki, na chuchu zilizojaa hazifichiki pia, hasa wakati chuchu za kijiji kizima zimekauka. Mayu Holo akaitwa barazani. Hakukana.

Adhabu ya kuvunja ngitili ilijulikana. Kwanza, atoe mbuzi mmoja achinjwe, aliwe na kijiji kizima. Wakamchagua yule wa maziwa mengi, maana ndiye aliyekuwa mnono. Pili, asipewe moto wala salamu mpaka masika. Na kwa kuwa aliuacha mteremko mtupu, baraza likaongeza la tatu: azoe samadi yote ya zizi lake, aibebe, aitandaze kwenye mteremko ule kuanzia juu mpaka chini, na asisaidiwe na mtu.

Akabeba. Tenga kichwani, mtoto mgongoni. Akapanda, akamwaga, akashuka. Watu walipishana naye njiani wakageuza nyuso. Kashinje hakugeuza uso, lakini nyama ya yule mbuzi aliila kama wenzake.

Lugwisha akasikia habari huko kwa wajomba. Akaja mbio. Akautazama mteremko, akaketi chini.

"Mayu," akasema, "umekula mwaka wangu mzima wa kuchunga."

"Sikula mimi, mwanangu," Mayu Holo akajibu. "Amekula huyu." Akamgeuzia mgongo amwone mtoto.

Masika yakaja, na sasa sikilizeni.

Mteremko ukaota. Ukaota pale palipopandwa, ukaota pale pasipopandwa, ukaota kwenye changarawe na kwenye kingo ambako jembe halijawahi kufika. Kijani kikatambaa, kikashikana, mtu akipita hakuona udongo. Watu wakasimama kwenye uzio midomo wazi. Hakuna aliyecheka.

Kwa nini? Leo tunajua, maana tumeona mara nyingi. Ganda la mbegu ile ni gumu. Mbegu ikiwa mpya, ukiifukia inakaa ardhini kama kokoto, maji hayaingii. Inalainishwa na jua la kiangazi kizima. Au inalainishwa na tumbo la mnyama, ikatoka na kinyesi ikiwa tayari. Basi zile zilizoota, nyingine ni za kibuyuni, zilizolala ardhini tangu mwaka uliopita kwa kuwa hakuna aliyezifukua. Nyingine ni zile zilizopita tumboni mwa mbuzi zikabebwa kwa tenga. Zipi ni zipi? Ziulizeni kunde.

Furaha ile haikudumu. Mwaka ule mvua iliaga mapema kuliko kawaida. Mtama ukasimama magotini, ukanyauka. Majani ya mbugani yakafa kabla ya kuchanua. Kunde peke yake ziliyatumia yale maji kidogo, zikafanya haraka zao, zikatoa maua, zikamwaga maganda, zikafa. Kiangazi kilipokaza, Mwandago nzima hapakuwa na chakula cha mnyama isipokuwa juu ya mteremko ule. Na juu ya mteremko ule maganda yalilala unene wa mkeka.

Ng'ombe wakaanza kuanguka. Wanawake wakaingia ngitilini na nyungo, wakakusanya maganda ya kipande kimoja, wakapima, wakakubaliana. Yaliyopo yanatosha kufikisha wanyama wa nyumba moja kwenye mvua. Nyumba moja tu.

Wewe hapo, naona mdomo unakuwasha. Unataka kusema wagawane. Nao walisema hivyo hivyo. Wakapiga hesabu: wanaodai kuingia kwanza ni watatu, Lugwisha, Kashinje na Mayu Holo; wakigawana hao, wanyama wote watafika katikati ya kiangazi, na katikati ya kiangazi wote watakufa. Na wewe mwingine, usiniambie wa kwanza ale kidogo awaachie wenzake. Ni hesabu ile ile. Wala usiseme mwenye ng'ombe amkamulie yule mtoto. Ng'ombe aliyefikia kuonekana mbavu akipata chakula anajijenga mwenyewe kwanza, maziwa ni habari ya mwakani.

Asubuhi ya kufungua, watu watatu wakafika mlangoni, kila mmoja na wanyama wake. Mtemi wa Mwandago akaja. Alikuwa mtu mnene asiyependa kuamua, na siku ile alikuja polepole sana. Akasimama kando ya lile tawi la miiba.

"Semeni," akasema. "Kila mtu aseme lake."

Lugwisha akasema, "Mtemi wangu, kabla yangu nani hapa alikuwa ameiona kunde hii? Nilichunga ng'ombe wa watu mwaka mzima. Niliacha mtamba nikachukua kibuyu. Baba alikufa akiniita na sikuwapo kumzika. Mlinicheka mkaipa kunde jina langu, na jina hilo limebaki. Ikiwa ardhini ni mbegu yangu. Ikiwa kwenye samadi ni mbegu yangu. Nyuma yangu ni ng'ombe wa marehemu baba. Wakifa, mama yangu hana kitu tena duniani. Mimi ndiye niliyeifanya ngitili izae."

Mtemi akasema, "Lakini uliitemea mate."

"Niliitemea. Mbegu haikusikia."

Kashinje akasema, "Mimi sisemi mengi. Walikuja na majembe, nikakataa. Wangelima, mbegu zile zingefukuliwa, zikachanganyika na mtama, zikang'olewa pamoja na magugu. Mwenyewe alizitupa, mimi nikazishika. Dume langu lilifia hapa, hapo uliposimama, mtemi, na maganda yalikuwa hatua chache kutoka puani mwake. Ng'ombe waliobaki ndio hawa. Nyumba yangu inakula kwa hawa. Ikiwa anayelinda haingii kwanza, mwakani mtafuteni wa kulinda."

Mtemi akasema, "Lakini hukuziamini."

"Sikuapa kuziamini. Niliapa kufunga."

Mayu Holo akasema, na mtoto mgongoni, "Mtemi wangu, mimi ni mwizi, mlikwisha nihukumu, na hukumu niliimaliza. Mbuzi wangu bora mlimla. Moto mlininyima. Samadi mliniamuru nibebe, nikabeba mteremko mzima, hakuna aliyenishika hata tenga. Sasa tazameni. Palipolimwa ni kipande kidogo tu. Kule juu kwenye changarawe nani alilima? Nani alifika kule ila mimi? Adhabu ilikuwa yenu, kazi ilikuwa yangu. Mbuzi wangu wamekauka tena. Ng'ombe wa hawa wakifa, watalia, na kesho watatafuta wengine. Wa kwangu wakikauka, mtoto huyu namzika."

Mtemi akasema, "Lakini, mayu, hukukusudia kupanda."

"Sikukusudia. Na Kashinje alikusudia? Na huyu Lugwisha, si alikusudia tulime mtama?"

Watu wakanong'ona. Wengine wakasema, "Tukimwingiza aliyeivunja ngitili, kesho nani ataiheshimu?" Wengine wakasema, "Tukimwacha nje, nani kati yetu atamtazama yule mtoto?" Wengine wakasema, "Kijana aliyeleta mbegu akiondoka mikono mitupu, nani tena ataenda mbali kututafutia kitu?" Na wengine wakasema, "Mzee aliyelipoteza dume lake kwa ajili ya neno lake, tumwambie neno halina faida?" Kila aliyesema alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtia mtemi jasho.

Akalishika tawi. Akamtazama Lugwisha, na ng'ombe wa marehemu wakilamba miiba. Akamtazama Kashinje, na Kashinje alikuwa akitazama chini. Akamtazama Mayu Holo, na mtoto mgongoni hakuwa akilia, alikuwa ametulia kupita kiasi, kama watoto wanavyotulia wanapochoka na njaa.

Mimi naliweka tawi mikononi mwenu. Mlimsikia kila mmoja, mnajua alichofanya na alichokosea, na mnajua maganda yatosha nyumba moja.

Je, nani alistahili kuingia kwanza? Na huyo mkishamtaja, wale wawili waliosimama pale nje, nani kati yenu atakwenda kuwaambia?